Mtetezi wa Pande Zote

Kila chama cha wanafunzi pale chuoni kwetu, juu kidogo ya mji wa Meru, kilitakiwa kiwe na mhadhiri mmoja wa kukisimamia, naye aliitwa mlezi. Wanamazingira walikuwa na mlezi, Wakatoliki walikuwa na wao, hata vijana wa kucheza drafti walikuwa na mlezi ambaye sidhani alijua drafti inachezwaje. Wengi walikuwa walezi wa kutia sahihi tu. Wa chama cha mdahalo alikuwa mlezi kweli, ndiyo maana ukisema "Mlezi" mbele ya mtu yeyote aliyesoma pale miaka ile, hatakuuliza mlezi yupi. Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina analo, ila halitatusaidia hapa.

Nilikuwa katibu wa chama hicho nilipokuwa mwanafunzi, na baadaye nikaajiriwa palepale kufundisha. Nimemjua nikiwa nimekaa upande ule wa meza na upande huu pia, na nikiulizwa ni upande upi uliokuwa na raha, sihitaji hata kufikiri.

Alikuwa mtu wa Siakago, kule chini kwenye joto na vumbi la Mbeere, na hakuwahi kuisamehe Meru kwa baridi yake. Alivaa sweta ndani ya koti mwezi wa Julai na mwezi wa Februari vilevile. Kila asubuhi alipoingia chumba cha wahadhiri alisugua mikono na kuuliza ni nani aliyeamua kujenga chuo juu ya barafu, na miaka yote hiyo hakuna aliyemjibu. Chakula chake cha mchana alikuja nacho kwenye kibati: ndengu na wali Jumatatu, ndengu na chapati Jumanne, na kadhalika hadi wiki iishe. Tulipomtania kwamba atageuka kijani, alisema anamjua mtu aliyekufa kwa kula viazi lakini hajasikia aliyekufa kwa ndengu. Meru ni nchi ya viazi, kwa hiyo hilo lilikuwa tusi, na alilikusudia.

Mdahalo ulifanyika Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho, katika ukumbi wa zamani ambao mvua ikinyesha ilibidi tunyamaze sote kwa sababu ya mabati. Ukitaka kuzungumza ulikwenda mbele, ukaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake na kutoa kipande cha chaki bila kuangalia. Kikiwa cheupe, unaunga mkono. Kikiwa chekundu, unapinga. Hakuna aliyechagua upande wake. Nimemwona msichana mlokole akitetea hoja kwamba wahubiri wafukuzwe chuoni, machozi yakimlengalenga, na aliitetea vizuri hadi wenzake wa maombi wakamkasirikia kwa wiki nzima. Mlezi hakumbembeleza. Alimwambia sasa anaijua imani yake kwa pande zote mbili, na kwamba wengi huzikwa wakiijua kwa upande mmoja.

Na kila upande mmoja ulipoanza kulemewa, yeye mwenyewe aliinuka akaenda kuuongezea nguvu. Alisema wanaoshindwa wana haki ya kupata angalau mzee mmoja. Kwa sababu hiyo hakuna aliyejua yeye binafsi anaamini nini. Nimemsikia akitetea ndoa ya wake wengi na nimemsikia akiiponda. Ametetea mgomo wa wahadhiri, na muhula mwingine akaupinga huku yeye mwenyewe akiwa mgomoni. Siku moja nikamuuliza moja kwa moja: kuhusu haya mambo yote, wewe uko wapi? Akasema hayo ni mambo ya ndani kama soksi, mtu havui mbele ya watu. Nilicheka, lakini nilirudi bwenini nimeudhika. Kijana wa umri ule anataka mwalimu wake awe na msimamo ili aufuate, au ili aupinge, na Mlezi alitunyima vyote viwili.

Misemo yake ilikuwa ya kukata tu. Mwanafunzi akipaa na maneno makubwa, Mlezi alimwambia, "Shuka, hakuna mtu huko juu." Anayesema anahisi hivi au vile aliambiwa hisia zake ni za nyumbani kwao, hapa alete sababu ambayo jirani yake anaweza kuishika. Kura ilipopigwa mwishoni, alituonya tusijivune, kwa kuwa kura huonyesha tu nani amechoka kusikiliza.

Sitaki kumvika kilemba cha ukoka. Mtu huyu aliyetufundisha kusikiliza hakuweza kusikiliza katika foleni ya benki. Aliwakata watu kauli mezani, hasa mkewe, aliyekuwa muuguzi Embu na ambaye nadhani alimzidi akili. Shahada aliziita makaratasi, lakini matangani mshereheshaji akisahau kumwita Daktari, alikunja uso mpaka jeneza linateremshwa. Alama zake zilikuwa chache, na alizitoa kana kwamba zinamwuma. Na huyu huyu aliyeyadharau makaratasi, kila Januari alizunguka Mbeere kwa miguu, kutoka boma hadi boma, akiwasihi wazazi wawaruhusu mabinti zao waje chuo kikuu. Nilimsindikiza mara moja. Alikunywa uji wa kila nyumba na hakumdhihaki mtu hata mmoja. Aliwaambia wazee wale kwamba chuo ni mahali binti yao atakapopunguziwa uhakika, na kwamba hilo ni jambo zuri. Nadhani wengi waliwaruhusu mabinti kwa kutoelewa.

Hoja za kuchoma vidole alizipenda kupita kiasi. Nakumbuka ile ya kwamba miraa imeharibu elimu ya Meru. Hebu fikiria: ukumbi uliojaa watoto ambao karo yao imetoka kwenye miraa. Kijana mmoja wa Igembe, mtoto wa mkulima wa miraa, akachota chaki nyeupe, maana yake aunge mkono. Na siku hiyo baba yake alikuwa mjini na marafiki wawili wa rika lake, wakapita chuoni kumwona, na Mlezi aliyependa sana wazazi wahudhurie akawaketisha mstari wa mbele. Kijana akazungumza. Akaeleza jinsi watoto wanavyotoka darasani kwenda kuchuma, jinsi mwalimu anavyobaki na madawati, na jinsi nyumba yenye miti mingi inavyokosa kitabu hata kimoja. Baba mtu akasikiliza hadi mwisho, akachukua kofia yake, akatoka na wenzake bila kuaga.

Hakuna aliyekuwa amemweleza mambo ya chaki. Yeye alijua tu kwamba mwanawe amesimama mbele ya watu wa rika lake akaita uharibifu ule mti uliomvisha. Habari ikaja kwamba kijana asikanyage nyumbani mpaka jambo lile lisafishwe. Na huko Igembe kuomba radhi kuna njia yake: kitita cha miraa ya heshima, iliyochumwa kwenye miti ya zamani, ikafungwa kwenye majani ya mgomba na mtu anayejua kufunga, ikapelekwa na watu wanaostahili kuipeleka. Mlezi alisikia neno miraa, mengine hakuyasikia. Alikwenda stendi ya Makutano akanunua ile fupi ya madereva wa malori, ikiwa kwenye karatasi ya nailoni, tukapanda nayo hadi kwenye boma lililozungukwa na miti ya miraa iliyomzidi yeye umri.

Nilikuwa naye, na nilitamani ardhi inimeze. Mzee alifungua ile nailoni polepole. Akanusa. Akawapa wenzake wale wawili, mmoja akatafuna kijiti kimoja akatema.

"Daktari, hii umetoa wapi?"

"Makutano."

"Ukaleta hapa."

"Nikaleta hapa."

Wazee wakaangaliana, na yule baba akaanza kucheka hadi akashika mbavu. Akasema mtu huyu hakufundishwa na yeyote, amekuja kwa moyo wake mwenyewe, kwa kuwa aliyefundishwa hawezi kukosea kiasi hiki. Ndipo akauliza habari za chaki. Akaelezwa, akauliza tena: yaani kijana angetoa ile nyingine, angetetea? Angetetea. Basi na atetee, akasema, nami nitakuja nisikize. Akaja kweli. Hoja ikarudiwa, kijana akaitetea miraa mbele ya baba yake, akashindwa vibaya. Mzee alipokuwa akiondoka alimwambia Mlezi kwamba mara ile ya kwanza ndiyo kijana aliongea vizuri.

Nimesimulia hayo kwa urefu kwa sababu ndivyo ninavyopenda kumkumbuka, na kwa sababu yanayofuata hayana kicheko.

Vyuo vikaanza kuota. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Palipokuwa na ghorofa tupu juu ya duka la magodoro, asubuhi unakuta bango kwamba hapo ni kampasi. Chetu kikafungua tawi Makutano, kikafungua Embu, na mtu mzima kama Mlezi akawa anafundisha mantiki dirisha likiwa wazi, huku chini utingo wanaita abiria na fundi anachomelea geti. Madarasa yalijaa hadi wanafunzi wakasimama ukutani. Mkuu wa chuo, mtu mpya mwenye suti nzuri, akatuambia mkutanoni kwamba wanafunzi ni wateja na tuwahudumie hivyo. Mlezi akainua mkono akasema mteja huja akijua anachotaka, mwanafunzi huja kwa sababu hajui bado. Watu wakacheka kidogo. Mkuu wa chuo hakucheka.

Insha zikaanza kununuliwa. Muhula mmoja Mlezi alipokea insha ileile kutoka kwa vijana kadhaa, neno kwa neno, na mmoja hakujisumbua hata kufuta jina la aliyeiuza. Hakumripoti mtu. Aliwaita mbele ya darasa akawapa hoja ya mdahalo: nani kati yenu ameiandika? Kila mmoja ajitetee kwa kueleza aya moja tu. Hakuna aliyeweza. Darasa lilicheka, na mchana huohuo vijana wale walikwenda kumshtaki kwa kuwaaibisha. Wao ndio waliosikilizwa.

Mdahalo nao ukaharibika, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Simu zenye kamera zikawa mikononi mwa wote. Mtu hakuzungumza tena na aliye mbele yake, alizungumza na simu ya rafiki yake. Tusi moja zuri lilipigiwa makofi kuliko sababu kumi. Wakati wa kampeni vijana walikuja wamevaa fulana za wanasiasa, kijana Mwimbi akamwambia kijana Mmbeere arudi kwao, Mmbeere akajibu kwa jambo ambalo sitaliandika. Mlezi alikuwa mtu wa kusimama wakati wote wa mdahalo. Mwaka ule ndio niliomwona akiomba kiti.

Binti yake alikuwa mwaka wa tatu wakati huo, akisomea uchumi. Watoto wa wafanyakazi walisomeshwa kwa nafuu kubwa mradi mzazi yumo kazini, na bila nafuu hiyo asingesoma. Alikuwa msichana mkimya, mwenye macho ya mama yake. Alhamisi alikaa nyuma kabisa, hakuwahi kuchota chaki, na Mlezi hakuwahi kumlazimisha. Waliondoka pamoja wakibishana njia nzima. Niliwaonea wivu.

Halafu ikaja hoja ya kwamba chuo hiki kifungwe. Wanafunzi ndio walioipendekeza, baada ya mahafali ambayo waliohitimu zamani walikuja kuwapigia makofi wenzao wakiwa bado hawana kazi. Mlezi aliikubali, kama alivyozikubali zote. Ukumbi ulifurika. Waliochota chaki nyeupe hawakuhitaji kujaribu: walitaja magodoro, walitaja insha, walitaja mhadhiri wa kulipwa kwa vipindi ambaye hakuonekana tangu muhula uanze. Upande wa pili ulikuwa na kijana mmoja mwoga na msichana mwenye mafua. Walizomewa. Mlezi akainuka kwenye kiti chake akaenda kusimama nao.

Nimesikia hotuba nyingi za kuitetea elimu ya juu, nyingine nimeziandika mwenyewe kwa niaba ya wakubwa. Ile ndiyo ya pekee niliyoiamini. Hakutaja ajira hata mara moja. Alisema kutoka mlimani hadi mto Tana hakuna mahali pengine ambapo binti wa Siakago na kijana wa Igembe wanaweza kugombania jambo lisilo lao, si shamba, si ng'ombe, si mume, kisha wakaenda kula pamoja. Alisema kama mahali hapo pamechafuka, pasafisheni, maana mkipafunga mtabaki na mashamba ya kugombania tu. Kisha kura ikapigwa, akashindwa kwa kelele ambayo ilisikika hadi jikoni. "Kifungwe!" Na kilichorekodiwa ni kelele hiyo, pamoja na sura yake yeye mzee akiwa katikati ya ukumbi.

Kufikia wikendi video ilikuwa imefika kwa wazazi, kwa wajumbe wa baraza la chuo, kwa kila mtu. Hakuna aliyeuliza mzee yule alikuwa amesema nini. Mkuu wa chuo alimwita, na Mlezi alinieleza yaliyosemwa tulipokuwa tunatembea kuelekea langoni, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umeshapita, alikuwa kwa mkataba. Mkataba ungeendelea endapo Jumatatu angesimama mbele ya chuo kizima na kusema kwamba ule ulikuwa mchezo usio na maana, na kwamba chama kimevunjwa. La sivyo ungeishia hapo, na nafuu ya binti ingeishia hapo. Nilimwuliza atafanya nini. Akasema anasikia baridi.

Jumatatu alisimama. Alivua miwani, akaivaa, akasema, "Mdahalo wa Alhamisi ulikuwa mchezo wa watoto. Hakuna aliyemaanisha alichosema. Nasikitika kwa usumbufu." Akashuka. Hakuna aliyezomea, na ingekuwa nafuu wangezomea. Nilimwona binti yake akichukua mkoba wake na kutoka kwa mlango wa pembeni. Muhula uliofuata hakuripoti. Tulisikia amekodi shamba Ruiri na rafiki yake, wanalima vitunguu.

Sote tulijua kwa nini aliacha. Alikuwa ameaibishwa na baba yake, tukasema, hakuweza kukaa kwenye madarasa ambamo wenzake wanamwonyesha vidole. Mlezi mwenyewe aliamini hivyo. Naye akaendelea. Alimaliza mkataba ule, akakubali mwingine, akafundisha juu ya duka la magodoro bila kuinua mkono mkutanoni. Wanafunzi wapya walidhani ni mzee mpole. Ndengu zake alizila peke yake, na asubuhi akiingia hakuuliza tena nani alijenga chuo pale. Mimi nilikuwa nimezichoka zile kelele zake miaka mingi, na zilipokwisha nilitamani zirudi. Kisha akastaafu kabisa, akaenda Siakago, na ofisi yake ikafanywa stoo ya karatasi za mitihani.

Mwaka jana akanipigia simu. Aliniita Katibu, kama zamani. Alisema binti yake huja nyumbani mara mojamoja kumwona mama yake, na wakikutana huzungumza kuhusu mvua. Alisema pia kwamba aliyeacha masomo ana muda wa kurudi na kumalizia alipoachia, na muda wa binti yake unaisha muhula ujao. Njoo Jumamosi, akasema, wewe uko ndani ya chuo, atakusikiliza. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na marobota ya mitihani ya kusahihisha, na zaidi ya hayo sikujua ningesema nini. Lakini nilisikia jinsi alivyokuwa akipumua kwenye simu, nikakubali.

Nilimkuta amekonda, amevaa shati la mikono mifupi, bila sweta. Ndengu zilikuwa zimeanikwa uani kwenye turubai na mbuzi mmoja akizinyemelea. Mkewe alinikaribisha vizuri, akanikalisha, akaniambia kwa sauti ya chini nisitumaini mengi. Binti alifika kwa pikipiki na gunia la vitunguu nyuma yake. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mikono imekakamaa, anazungumza kwa sauti kuliko nilivyomkumbuka. Alinisalimu kwa heshima na kuniita Mwalimu. Tulikula, tukazungumza habari za mvua. Kisha Mlezi akasema Katibu ana neno.

Nilisema nililoweza. Amebakiza mwaka mmoja tu. Ameshafanya kazi kubwa, si vizuri kuiacha njiani. Mambo hubadilika, huenda siku moja shamba likamshinda akahitaji kitu cha kuonyesha. Nilijisikia nikizungumza na nikachoka katikati ya sentensi zangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, asante kwa kuja. Niulize tu. Hao wanafunzi wako, mmoja akiacha leo, utajua?"

Nikasema sitajua.

"Basi," akasema, bila ukali. Akamgeukia baba yake. "Baba, umetoa mtu Meru mpaka hapa. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Mlezi akakohoa. "Kuna wale watakwambia kwamba..."

"Si wale. Wewe."

Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, hakuingia wala hakutoka. Mlezi aliitazama mikono yake. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akitafuta neno.

"Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema uongo," akasema. "Nilisema ndio ubaki shule. Ukikosa kumaliza, huo uongo nilisema bure. Sina sababu ingine, mami. Nimetafuta, sina."

Nilidhani binti atalia, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa imetulia.

"Mama aliniambia vile walikwambia kule ofisini. Walikuwa wamekushika na mimi, Baba. Nikatoka ndio wakose kitu ya kukushika nayo. Nilijua nikitoka tu, utarudi pale mbele uwaambie ukweli. Nilingoja nisikie. Muhula ya kwanza, ya pili. Nikaskia umeongezwa mkataba."

Mlezi aliongea kama anayejiuliza.

"Kumbe nilikuwa nimefunguliwa."

"Ulikuwa umefunguliwa."

"Sikujua."

"Nilidhani utajua," binti akasema. "Si wewe ndio Daktari."

Hakusema kwa dhihaka, na hakucheka, wala sisi hatukucheka. Mama akaingia akaweka sufuria chini, akaanza kukusanya sahani, na binti akainuka kumsaidia. Suala la kurudi chuoni lilikuwa limekwisha, na hakuna aliyelitaja tena. Mlezi alibaki ameketi na mikono juu ya magoti. Nilimhurumia hadi nikakosa pa kuweka macho. Nilijihurumia na mimi pia, kwa sababu Jumatatu nilikuwa narudi kule na mimi hakuna aliyekuwa amenishika na chochote.

Binti aliporudi kuchukua vikombe, Mlezi alimwuliza vitunguu vya Ruiri wanavinyunyizia maji ya wapi. Hakuwahi kumwuliza habari za shamba lile tangu aliposhuka kwenda kulilima. Binti akamtazama kidogo, akaviweka vikombe, akaketi. Akaanza kumweleza kuhusu mfereji, na zamu za maji, na jirani anayefungua usiku ili aibe zamu ya wenzake. Mlezi akauliza jirani huyo ni mtu wa aina gani. Waliendelea hivyo mpaka jua likateremka, na niliposimama kuaga walinipungia mkono wakiwa wameketi, kisha wakaendelea.